Deni la Pumzi

Katika vitu vyote ambavyo mwanadamu huviita vyake, hakuna kilicho chake zaidi ya mwili wake. Nyumba yaweza kuuzwa, shamba laweza kunyang'anywa, na jina jema laweza kuchafuliwa na wasengenyaji. Mwili hukaa na mwenyewe tangu siku ya kuzaliwa mpaka siku ya kuzikwa. Ndiyo maana watu wengi, waambiwapo wachanjwe, hujibu kwa maneno mafupi: mwili ni wangu. Wakisha kusema hivyo hudhani kuwa shauri limekwisha. Mimi pia nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Leo nataka, msomaji, tuulizane kama jibu hilo latosha. Wala sitalipima kwa mambo makubwa ya vita na serikali; nitalipima kwa jambo dogo, nalo ni chanjo ya homa ya mafua, na mtu mwenye saratani akaaye nawe nyumba moja, au mtaa mmoja, au kiti kimoja ndani ya gari bila wewe kumjua.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si haki kumwuliza mtu juu ya mwenendo wake kabla ya kueleza wangu.

Katika mtaa wetu hapa Mombasa yupo mzee mmoja, fundi seremala, ambaye alinitengenezea mlango wa mbele na meza hii niandikiayo. Miaka michache iliyopita alipatwa na saratani ya utumbo mpana. Akapasuliwa, kisha akawa akienda hospitali kila baada ya majuma matatu kutiwa dawa mshipani. Kwetu kumwangalia mgonjwa ni wajibu, tena wajibu usiongoja mwaliko; asiyekwenda huulizwa, na asipoulizwa husengenywa. Siku ya tisa baada ya mzee kutiwa dawa, wakati wa kipupwe, nilikwenda. Tangu jana yake pua zilikuwa zikinichuruzika, koo likiniwasha, na viungo vikiwa vizito. Mke wangu alinisihi ningoje. Nikamjibu, "Ni mafua tu." Nilikaa ukingoni mwa kitanda cha mzee saa nzima, nikamshika mkono, nikacheka naye, na kila nilipokohoa niligeuza uso upande, nikadhani kwamba kugeuza uso ni adabu ya kutosha. Siku ya nne yake alipelekwa hospitali usiku, ana homa kali na pumzi fupi. Vipimo vilionyesha homa ya mafua. Alilazwa siku kumi na moja. Mungu alimjalia akapona, lakini dawa yake ya zamu iliyofuata iliahirishwa mwezi mzima, na saratani haiahirishi kazi yake.

Watu wengi walimtembelea juma lile, na ndani ya nyumba walikuwamo wajukuu wawili waliokuwa wakikohoa. Hakuna awezaye kusema ni nani aliyemletea ugonjwa. Hakuna aliyenishtaki. Lakini kukosekana kwa ushahidi hakukuniondolea swali, na swali hilo ndilo ninalokuletea.

Kosa langu lote lilikaa ndani ya neno moja fupi: tu. Mafua yalikuwa madogo kwangu, nami nikaupima udogo wake kwa kifua changu, si kwa kifua cha yule niliyemwendea.

Lugha yetu nayo ina lawama kidogo katika jambo hili, kwa kuwa imeyapa maradhi mawili karibu jina moja. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya namna nyingi, na aghalabu hupita bila kuacha alama. Homa ya mafua huletwa na virusi vya influenza, ambavyo wataalamu wa London walivitambua kwa wanadamu mwaka 1933. Ni homa hiyo iliyoizunguka dunia mwaka 1918 na 1919 ikaua watu wanaokisiwa kuwa milioni 50, na iliyoingia katika bandari hii ya Mombasa mwezi wa Septemba 1918 kabla ya kuenea bara. Virusi vya siku hizi si vikali kama vile. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani hukisia kuwa maradhi ya kifua yaletwayo na homa hiyo huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka.

Tena homa hii ina tabia moja ambayo kila apimaye haki na makosa hana budi kuishika vizuri. Mtu mzima aliyeambukizwa huweza kuwaambukiza wengine tangu siku moja hivi kabla ya kujisikia mgonjwa, na huendelea kuwa hivyo kwa siku tano hadi saba baadaye. Maana yake ni kwamba yuko mtu aendaye kumwangalia mgonjwa akiwa na nia safi, pua kavu na kifua chepesi, kumbe amebeba mauti ya mwenzake. Mimi nilikuwa na onyo nikalidharau. Yeye hana hata onyo. Nia njema ni kitu kizuri, lakini hapa haizuii kitu.

Sasa tumtazame mgonjwa. Saratani ni chembe za mwili zilizoacha utii zikazaana bila kikomo. Dawa ambazo wagonjwa huziita kemo huzisaka chembe zizaanazo upesi na kuziua. Walakini dawa hizo hazina macho ya kubagua. Katika mwili wa kila mtu zimo chembe njema zizaanazo upesi: za nywele, za utando wa kinywa na matumbo, na, zilizo muhimu kuliko hizo, za uboho wa mifupa ambamo damu hutengenezwa. Uboho ukipigwa, chembe nyeupe za damu hupungua, nazo ndizo walinzi wa mwili. Kwa dawa nyingi za namna hiyo upungufu hufikia chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya mgonjwa kutiwa dawa. Nimekwisha kukwambia kuwa nilikwenda siku ya tisa. Sikuichagua siku hiyo kwa ubaya. Niliichagua kwa sababu ilikuwa Jumapili.

Chanjo ya homa ya mafua si jambo geni. Majaribio makubwa ya kwanza yalifanywa Marekani katika miaka ya 1940, yakiongozwa na Thomas Francis akisaidiwa na Jonas Salk, yule ambaye baadaye alipata sifa kwa chanjo ya polio. Virusi hukuzwa, aghalabu ndani ya mayai ya kuku, kisha huuawa na kuvunjwavunjwa, na vipande vyake ndivyo vitiwavyo katika sindano. Kitu kilichokufa hakiwezi kuambukiza. Kwa hiyo wasemao kwamba sindano iliwapa homa ya mafua wamekosea, ingawa ni kweli kwamba mkono huuma na mwili huweza kuchemka kidogo siku moja au mbili. Madhara makubwa yapo, lakini ni ya nadra sana: ugonjwa mmoja wa kulegea misuli, uitwao Guillain-Barré, hukisiwa kuongezeka kwa mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni moja wachanjwao. Nayataja hayo wazi kwa kuwa mtu aombwaye kutoa kitu ana haki ya kujua bei yake. Na kwa sababu virusi hivyo hubadilika umbo, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini na Septemba kwa ajili ya nchi za kusini, kuchagua ni virusi gani vitiwe katika chanjo ijayo. Sisi tukaao kwenye ikweta hatuna msimu mmoja wa baridi kama wao; homa hiyo tunayo karibu mwaka mzima.

Madaktari wa saratani huwashauri wagonjwa wao wachanjwe kila mwaka kwa sindano hiyo ya virusi vilivyokufa. Ile chanjo nyingine inyunyizwayo puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, hawapewi. Ikiwezekana, sindano hutangulia dawa za saratani kwa majuma mawili au zaidi, maana mwili huhitaji kama majuma mawili kujifunza. Neno kujifunza nimelitumia kwa makusudi. Chanjo yenyewe haipigani na virusi. Chanjo ni mwalimu aingiaye darasani na picha ya adui mkononi, na wanafunzi wake ni chembe nyeupe za damu. Wewe uliye shuleni wajua vizuri kwamba mwalimu hodari akiingia darasa ambalo nusu ya wanafunzi wamelazwa na waliobaki wanasinzia, somo litakuwa lile lile lakini matokeo ya mtihani hayatakuwa yale yale.

Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa saratani. Mwaka 2019 wataalamu wa Ontario, nchini Kanada, walitoa hesabu ya wagonjwa wa saratani zaidi ya 26,000 waliokuwa wamepimwa homa ya mafua. Kwa jumla chanjo ilikuwa imewapunguzia hatari ya kuugua kwa asilimia 21. Wale wenye saratani za uvimbe walipata kinga ya asilimia 25, na wale wenye saratani za damu asilimia 8. Kwa watu kwa jumla, katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi, kinga huwa kati ya asilimia 40 na 60.

Je, mgonjwa aache kuchanjwa kwa kuwa kinga yake ni ndogo? La. Mtu avukaye mto wenye mamba hatupi fimbo yake kwa sababu si bunduki. Lakini zitazame tena tarakimu hizo, uone jambo la ajabu lililomo. Yule aihitajiye ngao kuliko watu wote ndiye ambaye mkono wake hauna nguvu ya kuishika. Na yule ambaye mkono wake una nguvu hujiona hana haja ya ngao. Ikiwa ni hivyo, basi sehemu kubwa ya ngao ya mgonjwa haiwezi kukaa katika mwili wake. Itakaa wapi? Itakaa katika miili ya watu wengine, au haitakaa popote.

Maneno hayo si ya mafumbo, yamejaribiwa. Katika Kanada ya magharibi wapo Wakristo waitwao Wahutterite, ambao huishi katika vijiji vya kilimo, mali yao ni ya wote, na huonana na kula pamoja kila siku, kwa hiyo ugonjwa uingiapo kijijini huwafikia wengi upesi. Katika majira ya baridi ya 2008 hadi 2009 wataalamu walichukua vijiji 49 vya watu hao. Katika baadhi yake watoto na vijana wa miaka mitatu hadi kumi na mitano walichanjwa homa ya mafua. Katika vingine watoto walipewa chanjo nyingine ya ugonjwa wa ini, ili kupata kipimo cha kulinganisha. Kisha waliohesabiwa si wale watoto, bali watu ambao hawakupewa chanjo hizo, wazee na mama na baba zao. Katika vijiji ambavyo watoto walichanjwa homa ya mafua, watu hao 39 kati ya 1,271 waliugua. Katika vile vingine waliugua 80 kati ya 1,055. Sindano ilichomwa katika mkono wa mtoto, na babu yake ndiye aliyepona. Mimi si mpenzi wa kuhubiri kwa hesabu, lakini hesabu hii niliisoma mara tatu.

Sasa turudi kwa yule asemaye mwili ni wangu. Anao watetezi wakubwa. Mwaka 1859 mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, alitoa kitabu chake kiitwacho On Liberty, ambamo alishikilia kuwa mtu mzima ndiye mtawala wa mwili wake na akili yake, na kwamba jamii haina ruhusa ya kumlazimisha kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Akitaka kujidhuru, ni shauri lake. Lakini Mill huyo huyo aliweka mpaka: utawala huo hukoma pale matendo ya mtu yanapowadhuru wengine. Basi ugomvi wetu wote ni juu ya mahali pa kuuweka mpaka huo. Ngozi yangu ni mpaka ulio wazi, kila mtu auona. Pumzi je? Ikiwa kifuani mwangu ni yangu bila shaka. Ikisha kutoka, hukaa hewani muda kidogo, kisha humwingia aliye karibu nami, ikawa pumzi yake. Hakuna forodha kati ya kifua changu na kifua cha jirani. Asemaye mwili ni wangu amesema kweli, lakini amesema juu ya ngozi na kusahau pumzi.

Mtu mwingine atanijibu kuwa aweza kuchanjwa na bado akaugua, na bado akaambukiza. Ni kweli, na tarakimu nilizozitoa zamwunga mkono. Ninachoona mimi ni kwamba hoja hiyo yatufundisha kuongeza ulinzi, wala haitufundishi kuuacha. Aliyechanjwa akikohoa na akae nyumbani, au avae barakoa, na afungue madirisha, na anawe mikono. Fundi hajengi nyumba kwa msumari mmoja.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni nyingine, nayo yakuhusu wewe zaidi ya mimi. Nchini Japani, tangu mwaka 1962, watoto wa shule walichanjwa homa ya mafua, na baadaye ikawa ni kwa amri. Sababu ilikuwa kwamba shule ndiyo tanuri la ugonjwa huo: mtoto huuchukua darasani na kuupeleka nyumbani. Baadaye wazazi wengi walianza kuwa na mashaka kama chanjo yafaa kitu, na wengine walilalamika kuwa iliwadhuru watoto wao. Mwaka 1987 wazazi wakapewa ruhusa ya kukataa, na mwaka 1994 amri ikafutwa. Mwaka 2001 wataalamu walizirudia hesabu za vifo vya Japani vya miaka hiyo yote, wakakisia kwamba kwa kila watoto 420 waliochanjwa, kifo kimoja kilizuiwa, na wengi wa waliookolewa walikuwa wazee. Yako mabishano juu ya ukubwa wa hesabu hiyo, nami sitaiapia. Lakini tuseme ni kweli, au hata nusu yake ni kweli. Je, ilikuwa haki?

Yapo majibu mawili ya upesi, na yote mawili hayanitoshi. La kwanza husema ilikuwa haki, kwa kuwa maumivu ya mkono ni madogo na uhai wa mzee ni mkubwa. Anayesema hivyo amepima vizuri, lakini amesahau kuwa mwenye mkono hakuulizwa. Na mtu, hata akiwa mtoto, si gogo la kuzibia mto. La pili husema ilikuwa dhuluma, kwa kuwa mtoto alitumiwa kwa faida ya mwingine. Anayesema hivyo amesahau jinsi mtoto huyo alivyofika hapo alipo. Aliyebebwa mgongoni, akafutwa makamasi, akakeshewa na nyanya yake usiku alipokuwa na surua, ametumia miili ya wengine tangu siku ya kwanza ya maisha yake, wala hakuna aliyemwita mdhalimu. Kutumiana si dhuluma; dhuluma ni kutumiwa bila kuhesabiwa kuwa mtu. Dawa ya dhuluma hiyo, naona, ni kumwambia mtoto ukweli: sindano hii yaweza kukufaa wewe, lakini zaidi itamfaa babu yako, na madhara yake ni haya na haya. Naamini watoto wengi wakiambiwa hivyo watanyosha mkono. Wachache watakataa, na kukataa kwao kutakuwa ni kukataa kwa watu, si kwa vyombo.

Wewe msomaji hu mtoto wa miaka sita. Waweza kuambiwa, waweza kupima, na waweza kumwendea mzazi wako kuomba idhini. Tufanye kwamba unasoma shule ya bweni, na likizo ikaribiapo wapata habari kuwa mama mdogo, ambaye anatibiwa saratani ya matiti, amehamia nyumbani kwenu ili awe karibu na hospitali. Bweni lenu lina vitanda arobaini, na juma la mwisho nusu ya vijana wanapiga chafya. Utapanda gari na pumzi ya bweni zima kifuani. Waweza kusema hujui kama umeambukizwa. Bila shaka hujui. Nimekwisha eleza kuwa ugonjwa huu hautoi habari mapema. Ndiyo maana deni lake hulipwa kabla ya kudaiwa, majuma mawili kabla, au halilipiki.

Hapa lazima niseme habari ya fedha, maana wako wapendao kuhubiri wajibu kwa watu wasio na nauli. Katika nchi yetu mtoto huchanjwa surua na polio bila malipo, lakini chanjo ya homa ya mafua aghalabu hununuliwa. Kwa mwenye watoto watano na kibarua cha kutwa, bei hiyo ni chakula cha siku kadhaa. Siwezi kumwambia mtu huyo kuwa ana deni sawa na tajiri. Deni hupimwa kwa uwezo. Asiyeweza kununua hana hatia ya kutonunua, naye anazo njia nyingine za kulipa ambazo hazina bei: kukaa mbali akiwa mgonjwa, kunawa, kufungua dirisha. Sehemu iliyobaki ya deni lake inawahamia wale washikao mifuko ya wote. Na ikiwa sindano ni chache, akili yaonyesha pa kuanzia, nayo ni kama madaktari washaurivyo: kwanza mgonjwa mwenyewe na wale wanaolala naye nyumba moja, na wauguzi wanaomshika mikono kila siku.

Liko tatizo jingine ambalo fedha hazilitatui. Saratani kwetu bado husemwa kwa sauti ya chini. Watu huificha kama deni la duka. Mgonjwa hufunika kichwa kwa kitambaa, akasema ni mtindo. Kwa hiyo katika gari la abiria kumi na wanne huenda yumo mmoja ambaye chembe zake nyeupe zimekwisha, nawe hutamjua, wala yeye hatathubutu kukuambia usogee. Hili ni deni la ajabu, kwa sababu mdai hana jina wala uso. Madeni mengine yote hutujia mlangoni yakabisha hodi. Hili hukaa kimya katika kiti cha nyuma, likashuka kituo cha mbele, wala hutajua kama ulilipa au hukulipa. Wako wanafalsafa ambao watasema mtu hawezi kuwa na deni kwa asiyemjua. Mimi nawauliza: aliyechimba kisima njiani alikuwa akimjua nani?

Lakini nisije nikaeleweka vibaya, nikaonekana kama nataka wagonjwa wafungiwe ndani na sisi tuwapungie mikono kwa mbali. Upweke nao ni ugonjwa. Mtu mwenye saratani akiona wageni wamepungua hudhani wamekwisha kumzika mioyoni mwao, na nimemwona mmoja aliyekonda kwa fikra hiyo zaidi ya alivyokondeshwa na dawa. Desturi yetu ya kumwangalia mgonjwa ni njema, nami singependa kuishi katika mtaa usio nayo. Kilichoniponza hakikuwa kwenda. Kilichoniponza ni kwenda nikiwa nimejitayarisha kwa maneno na machungwa, nikasahau kukitayarisha kifua. Watu huifikiria chanjo kama ukuta. Kwa mgonjwa wa namna hii naiona zaidi kama ruhusa ya kuingia, ingawa ni ruhusa isiyo kamili.

Mwaka uliofuata ule ugonjwa wa mzee ulirudi, akaanza dawa tena. Nilikwenda kuchanjwa mwezi mmoja kabla. Mkono uliniuma siku mbili, na mke wangu alinicheka. Kisha nikaenda kwa mzee nikamweleza habari ya Jumapili ile ya kipupwe, kwamba nilikuwa mgonjwa na nilijua. Alinyamaza kitambo, akaupapasa ubao wa kiti chake kama afanyavyo anapotafuta fundo la mti.

"Mwalimu," akasema, "kumbe tuko wengi. Binti yangu mpaka leo adhani ni watoto wake. Muuguzi wangu naye alikuwa akipenga kamasi. Na mimi nadhani ni mimi, kwa kuwa nilikataa sindano daktari aliponiambia; nilimwambia mwili ni wangu."

Hatukuendelea na shauri hilo. Tangu siku ile ameweka desturi yake mwenyewe, na watu wa mtaa wameizoea. Juma lililopita, jioni, nilifika mlangoni kwake nikabisha hodi. Akaniuliza kutoka ndani, "Nani?"

"Mwalimu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kifua?"

"Kizima."

"Na watoto wa shule?"

"Wamekohoa wawili juzi. Niliwarudisha kwao, nikafungua madirisha."

Akafikiri kidogo. Nilisikia kiti kikivutwa upande wa dirisha.

"Haya," akasema, "sukuma tu. Haukufungwa."